Kiarabu cha Chuoni, Kiarabu cha Teksi

Ikishasaliwa alasiri, Tibirinzi haina uhaba wa Kiarabu. Watoto wanakwenda chuoni na juzuu kifuani, sauti za kudurusu zinatoka madirishani, na mtu mzima anayepita njia anaweza kumsahihisha madda mtoto ambaye hata hamwoni. Katika mtaa huu wa Chake Chake, unaojulikana Pemba nzima kwa viwanja vyake vya sikukuu na mikutano ya siasa, wapo wengi waliojua alifu kabla ya kujua a. Kisha mmoja wao anapata viza, anashuka Muscat, dereva wa teksi anamuuliza anakwenda wapi, naye anabaki kutabasamu.

Si kosa la mwalimu wake. Chuo hakikudai kufundisha mazungumzo. Kilimpa herufi, matamshi na kichwa kilichozoea kuhifadhi, na hayo ni mengi kuliko aliyonayo mgeni wa Kizungu au wa Kichina anayeanza Kiarabu ukubwani. Kilichobaki ni kuyahamisha kutoka ukurasani hadi mdomoni, kazi ambayo mtu anaweza kuipigia hatua kubwa akiwa bado nyumbani, miezi mitatu au minne kabla ya safari. Tatizo ni kwamba wengi huanza pasipo. Wananunua kitabu cha nahau, wanaingia kwenye mfano ule wa tangu enzi, Zayd kampiga Amri, na wanafika Oman wakijua nani kampiga nani ila hawajui kuuliza choo kiko wapi.

Historia ya Unguja ina mtu aliyeifanya kazi ya namna hii vizuri. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alifundishwa kusoma lakini si kuandika, kwa kuwa kuandika hakukuonekana kunamfaa msichana. Alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na kuhamia naye Hamburg. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani, lugha aliyoikuta ukubwani. La kujifunza kwake liko kwenye ule mfupa: hakungoja mwalimu wala kuanza upya kabisa. Alikichukua alichokuwa nacho, kusoma, akakisukuma mpaka kikamfikisha kwenye kile alichokikosa.

Kabla ya kusukuma chochote, msafiri aamue anakwenda wapi na kufanya nini. Kiarabu fasihi, cha taarifa ya habari na cha hotuba ya Ijumaa, kinaeleweka kutoka Muscat hadi Rabat, lakini hakuna anayekinunulia samaki. Anayekisema ataeleweka vizuri tu. Shida ni jibu atakalorudishiwa. Neno dogo kama "nini" ni "mo" kwa Muomani, "shu" kwa mtu wa Dubai, "esh" au "wesh" Saudia, na "eh" kwa Mmisri. Kuku, ambaye kitabuni ni "dajaj", Dubai anageuka "diyay". Jimu ya "jabal" katika miji mingi ya Oman inasikika kama ga. "Eish" katika Ghuba ni wali, na Cairo ni mkate, jambo ambalo mwenye njaa ni bora alijue mapema. Anayekwenda Oman achague Kiarabu cha Oman na ashikamane nacho. Anayekwenda Umra ajifunze cha Hijazi kidogo. Kuchanganya vyote kwa pamoja, kwa kuwa video ya leo ni ya Mlebanoni na ya kesho ni ya Mkuwaiti, ndiko kunakowachosha watu wakaacha.

Na kazi gani? Mwenye kwenda kununua bidhaa za duka, mwenye kwenda kuhudumia nyumba ya watu, mwenye kumsindikiza mgonjwa, na mwenye kwenda Oman kuwaona ami zake wa Ibra au Nizwa hawahitaji maneno yale yale. Ushauri unaofaa zaidi katika hatua hii ni kuandika mahali ambapo msafiri atalazimika kufungua mdomo: uwanja wa ndege, teksi, duka, simu ya mwajiri au ndugu, hospitali. Kila mahali pawe na ukurasa wake daftarini, na kila ukurasa uwe na safu tatu: atakachosema yeye, atakachojibiwa, na atakachosema tena. Ile safu ya katikati ndiyo watu wengi huisahau. Wanahifadhi swali kwa ufasaha kiasi kwamba aliyeulizwa anadhani anaongea na mwenyeji, anawamiminia jibu refu la mbio, na mazungumzo yanafia hapo.

Ukurasa wa teksi unaweza kuwa hivi. Msafiri: "As-salaamu alaykum. Abgha aruh Mutrah, bikam?" Yaani anataka kwenda Mutrah, ni kiasi gani? Dereva: "Wein fi Mutrah? As-suq?" Msafiri: "Eywa, as-suq." Dereva: "Khamsa riyal." Msafiri: "La, ghali. Thalatha." Kisha iandikwe njia ya pili, ya siku ambayo dereva atajibu kitu kingine: kwamba hapunguzi, kwamba kuna msongamano, kwamba ateremke hapa avuke barabara, kwamba mbele "sida", yaani moja kwa moja, neno la Kihindi ambalo Waarabu wa Ghuba wamelifanya lao. Kurasa kumi za namna hii zina faida kuliko kamusi nzima.

Hapo ndipo Mswahili anapogundua kwamba ana akiba ambayo hakuihesabu. Maneno mengi ya Kiarabu aliyonayo kinywani yanahitaji kukatwa irabu ya mwisho tu ili yarudi kwao: kitabu ni "kitab", samaki "samak", sabuni "sabun", kalamu "qalam", safari "safar", sukari "sukkar". Dawa ni dawa. Homa ni "humma", kahawa ni "qahwa", na karafuu, ambayo ndiyo inayolipia tiketi nyingi za Wapemba baada ya msimu mzuri, ni "qaranful". Zoezi zuri la jioni moja ni kuzunguka chumba kimoja, tuseme jiko, na kutaja kila kitu kilichokuja na jahazi: sahani, birika, sufuria, bilauri. Vingine vitakuwa vya Kiajemi, vya Kireno au vya Kihindi, na hapo mtu ataulizia, lakini atakavyopata vitamshangaza. Mpemba ana faida nyingine ambayo wasemaji wa lugha nyingi wanaitafuta kwa taabu: tha, dha, gha na kha zimo mdomoni tangu utotoni, na mwalimu wa tajwidi ameshamhangaisha kwa ha na ayni.

Akiba hiyo ina sarafu za bandia ndani yake. Iliyo maarufu ni "tafadhali". Mswahili huitumia kuomba. Mwarabu husema "tafaddal" anapotoa, akimaanisha karibu, chukua, pita wewe kwanza. Mgeni anayewekewa sinia mbele na kuambiwa "tafaddal" anaweza kubaki akijiuliza anaombwa nini. Kuomba ni "law samaht". Kitu rahisi kwa Kiarabu, "rakhis", ni cha bei ndogo tu, si chepesi. Chepesi ni "sahl", na anayesema Mungu atasahilisha tayari analo. "Bei" ukiitaja dukani haitakusaidia, kwani kwao ni kuuza. "Bikam" inatosha, na "thaman" ikilazimu. "Mahali" kwao, "mahall", mara nyingi ni duka. Na "raatib" si ratiba ya mkutano. Ni mshahara, na ni neno ambalo anayekwenda kufanya kazi hana ruhusa ya kulisahau.

Baada ya salamu, nambari ndizo zinazotumika kuliko kitu chochote, na ndizo zinazopoteza fedha. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000, na tangu mwaka 1986 imefungamanishwa na dola kwa kiwango cha karibu dola 2.6, kwa hiyo kusikia vibaya riali moja si jambo la kupuuza. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini hadi mia na elfu, Mswahili anazo. Kumi na moja hadi kumi na tisa anadhani hana, mpaka amsikilize mzee. Wazee wa Pemba waliohesabu nazi na pishi za karafuu walisema edashara, thenashara, arbatashara, hamustashara. Mia mbili walisema miteni. Nambari hizo ni Kiarabu kitupu kilichovaa kanzu ya Kiswahili, na kijana atakayekaa na babu yake jioni mbili, akamwomba ahesabu kwa njia ya zamani, atatoka na somo ambalo programu ya simu ingemfundisha kwa mwezi. Miteni ile ile inamfungulia mlango wa pili: Mwarabu akitaja viwili habandiki "ithnein" mbele, hugeuza mkia wa neno lenyewe. Riali mbili ni "riyalein", siku mbili ni "yomein".

Kuna mitego mitatu ya kufanyia mazoezi mpaka sikio lizoee. Wa kwanza ni mpangilio: 25 kwa Kiarabu ni "khamsa wa ishrin", tano na ishirini, na anayeandika huku akisikiliza atajikuta ameandika 52. Dawa yake ni imla. Mtu mmoja asome bei na nambari za simu, mwingine aandike, dakika kumi baada ya isha, kila siku. Wa pili ni saa. Muscat iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba huko huhesabu kuanzia usiku wa manane na mchana kati kama Wazungu. Ukiambiwa asubuhi gari inaondoka "as-saa saba", ni saa moja ya Kiswahili, na ukiambiwa mchana uje "as-saa wahda", ni saa saba. Zinabadilishana kwa usahihi wa kuudhi.

Wa tatu ni siku za wiki, na huu umewakosesha watu miadi ya hospitali. Kiarabu huanza kuhesabu Jumapili, Kiswahili huanza Jumamosi. Kwa hiyo "yom ath-thulatha", yenye tatu ndani yake, si Jumatatu, ni Jumanne. "Al-arbiaa", yenye nne, ni Jumatano. Zinakutana Alhamisi na Ijumaa tu. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko Oman tangu 2013, na ofisi za serikali zimefungwa, ilhali Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine.

Kusoma kuna habari njema. Tarakimu za Kiarabu ni zile zile za aya za msahafu: nukta ni sufuri, kiduara ni tano, na ile inayofanana na saba ya skuli ni sita. Vibao havina irabu, na hilo humtisha aliyezoea fat-ha na kasra, lakini maneno yenyewe si mageni. "Makhraj" juu ya mlango wa uwanja wa ndege ni njia ya kutokea. Aliyesoma tajwidi amelikariri neno hilo akijifunza matokeo ya herufi. Mlango wa choo ulioandikwa "nisaa" hauhitaji mkalimani kwa yeyote aliyewahi kufungua Surat An-Nisaa. Mwalimu wa chuo akiombwa kuandika vibao ishirini bila irabu ubaoni, kazi ya kipindi kimoja, atakuwa amemfikisha mwanafunzi mbali.

Na kuzungumza, je? Tibirinzi na mitaa jirani, kama mji mzima wa Chake, haikosi mtu aliyeishi Oman au Dubai: mama aliyefanya kazi miaka minne akarudi kujenga, dereva, binti aliyezaliwa huko. Sikukuu huleta wengine. Hao ndio walimu, na wengi wao hawajui kwamba ni walimu, kwa hiyo ukimwambia "nifundishe Kiarabu" atababaika aanze na wapi. Mpe tukio. "Shangazi, tufanye mimi nimeingia dukani kwako nataka shuka." "Haya mwanangu, ingia, lakini usinisemeshe Kiswahili." Robo saa ya mchezo huo, mara tatu kwa wiki, inatoa maneno ambayo shangazi mwenyewe alidhani ameyasahau. Kisha aombwe arekodi sentensi ishirini za daftari kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kila moja mara mbili: kwanza taratibu, halafu kwa mwendo wa watu wanaogombana. Ile ya pili ndiyo ya kusikiliza ndani ya gari ya Mkoani.

Hapa pana tahadhari ndogo. Kiswahili hakina mume na mke, Kiarabu kinavyo katika sifa na katika vitenzi vingi. Mwanamume aliyenakili kila kitu kwa shangazi yake atasema "ana taabana", nimechoka, kwa umbo la kike, na teksi nzima itacheka. Aandike maumbo yote mawili tangu mwanzo, "taaban" na "taabana", "keif haalak" kwa mwanamume na "keif haalik" kwa mwanamke, hata kama yanajaza daftari.

Jinsi ya kuhifadhi, wanachuo hawana haja ya kufundishwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, yakionyesha jinsi mtu anavyosahau haraka siku za mwanzo na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyozuia hasara hiyo. Kudurusu ndiko huko. Sentensi za leo zirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kama juzuu zinavyorudiwa, ila safari hii kwa kuzisema mbele ya mtu anayejibu. Na ziachwe irabu za mwisho: anayesema dukani "al-kitabu" na "as-samaka", kwa irabu zote za kitabuni, atasikika kama anayetoa hotuba.

Simu inasaidia, kwa kiasi. Duolingo hufundisha Kiarabu fasihi, na kwa Mswahili ni lazima apitie Kiingereza, kwa hiyo anajifunza lugha moja huku akitafsiri nyingine. Programu ya tafsiri ya Google ina ubora wa kupakuliwa mapema ikafanya kazi bila intaneti. Ni nzuri kwa kibao au karatasi ya dawa, mbaya kwa mzee wa Nizwa anayezungumza haraka. Kwa wapenzi wa mpira, yaani nusu ya Pemba, mechi yenye mtangazaji wa Kiarabu ni darasa lisilochosha. Ni fasihi, kweli, lakini macho yanakuonyesha kinachosemwa: kona, kipa, mwamuzi, dakika iliyobaki.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kinamngoja msafiri atakapofika, nacho ni Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, familia nyingi zilizoishi Unguja, Pemba na bara la Afrika Mashariki zilihamia Oman na Kiswahili chao. Hata leo Muscat mtu anaweza kupokewa, kulishwa, kupelekwa sokoni na kuugua akapona bila kusema neno moja la Kiarabu. Ni neema kwa mgeni wa wiki mbili. Kwa anayetaka kujifunza ni hasara, na heshima haimruhusu kumkatiza mwenyeji wake. Njia ya adabu ni kuomba mapema, kwa upole: "Ami, nakuomba mpaka magharibi tuseme Kiarabu, baada ya hapo turudi kwetu." Wengi hufurahi. Wengine husahau baada ya dakika tano, na hapo msaada hutoka kwa watoto wa nyumba, ambao mara nyingi Kiarabu ndicho kinachowatoka kwanza.

Nje ya nyumba, achague wa kuzungumza naye. Kazi ya kuendesha teksi Oman imehifadhiwa kwa raia, kwa hiyo dereva ni Muomani, ana muda, na anapenda kujua mgeni anatoka wapi. Ukimtajia Zanzibar huenda akakutajia bibi yake. Dukani hali ni nyingine. Wauzaji wengi wa sokoni ni Wahindi, Wabangladeshi na Wapakistani, na Kiarabu chao ni kile kilichorahisishwa cha Ghuba, ambacho "sijui" husemwa "mafi maalum" na vitenzi havina wakati wala mwenyewe. Kinafaa kununulia, na hakuna sababu ya kukicheka kwani kimewalisha watu wengi. Ila anayekiiga akaenda nacho barazani kwa wazee atasikika vibaya. Kwa wazee mlango ni salamu ndefu. Muomani wa vijijini huulizia hali, kisha habari, kisha "ulum", habari tena, na Mpemba aliyelelewa kuulizia mpaka mbuzi wa jirani hana haraka ya kumaliza.

Kwa wanawake wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani, lugha si mapambo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania nchini Oman na Imarati ilieleza hati za kusafiria zilizochukuliwa, saa nyingi za kazi na mishahara isiyolipwa. Ukurasa wa kwanza wa daftari la msafiri huyu uwe wa maneno haya, kabla ya ufagio na jiko: "jawazi", hati yangu, "aqd", mkataba, neno lile lile la akidi ya ndoa, "raatib", mshahara, "ijaza", likizo, "ana maridha", naumwa, "abgha akallim ahli", nataka kuzungumza na watu wangu, "sifara", ubalozi. Tanzania ina ubalozi Muscat. Polisi wa Oman hupigiwa 9999. Nambari ya ubalozi na ya ndugu mmoja zihifadhiwe kichwani kama sura fupi, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa. Mkataba usomwe na anayejua Kiarabu kabla ya kutia saini, akiwa bado Pemba, na nakala ibaki kwa mzazi.

Sentensi moja inawahusu wote: "Ma fahimt. Marra thanya, shway shway." Sikuelewa, rudia, taratibu. Watu wa pwani wana adabu ya kukubali, na "naam, naam" huwatoka hata pale wasipoelewa kitu. Mwajiri anadhani ameeleweka, daktari anaandika dawa, dereva anakwenda Sohar badala ya Seeb. Katika mazoezi ya nyumbani shangazi aseme makusudi kitu kigumu, ili mwanafunzi alazimike kukiri kwamba hakuelewa. Ni zoezi linaloaibisha kidogo, na ni afadhali mtu aaibikie Tibirinzi.

Wapo ambao haya yote hayatawafaa. Mwenye duka anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa hatakuta akiba yoyote ya maneno ikimngoja, ukiacha chai. Kichina kina toni, na silabi moja ikipandishwa au kushushwa ni neno jingine, kwa hiyo kuhifadhi kwa maandishi peke yake hakusaidii kitu. Sauti iliyorekodiwa ndiyo msingi tangu siku ya kwanza. Huyu aanze na nambari moja hadi kumi, na azijue pia kwa ishara za vidole, kwani Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja na sita yao ni kidole gumba na kidogo vilivyonyooshwa. Achukue kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina, amwonyeshe dereva, na kikokotoo cha simu kimalize mabishano ya bei. Maneno mengine aliyohitaji atayajua jioni ya siku ya kwanza, na hayo ayaandike usiku ule ule kabla ya kulala, kila moja na safu zake tatu.